Mgongo kwanza, jalada baadaye

Kila muhula unapofunguliwa na kila mwaka wa fedha unapoanza, naliona jambo lilelile. Karani mpya, au mwalimu aliyetwishwa kazi ya vifaa, anarudi na mzigo wa vitabu vya kumbukumbu na kuupanga mezani. Majalada magumu yanang'aa, kona zimevishwa kitambaa chekundu, na mwenyewe anasubiri apewe ahsante. Nachukua leja ya juu, naifungua katikati, naikandamiza ilale, na mgongo unalia kra! Hapo huwa najua kwamba mwaka hautaisha kabla hatujaanza kuifunga kwa selotepu.

Wadogo zangu, nawapenda, na ndiyo maana nawafokea. Leja ni nini na rejista inajazwaje mnajua, tena mnajua kuliko tulivyojua sisi tulipoanza. Nazungumzia kitabu chenyewe: karatasi, uzi, gundi na namba.

1. Kabla ya kwenda dukani, jiulize nani atakifungua kitabu hicho kwa mara ya mwisho.

Daftari la wageni wa getini likijaa na mwaka ukapita, kazi yake imekwisha. Kaunta buku, daftari la jalada gumu, ya kwaya moja (kurasa 96) inatosha, hata karatasi ikiwa nyepesi. Kitabu cha kudahili wanafunzi ni habari nyingine. Jina unaloliandika leo atakuja kulitafuta mtu mzima mwenye watoto wake, amepoteza cheti, anataka shule ithibitishe kwamba alisoma hapo na alizaliwa mwaka gani. Miaka 30 imepita, wewe umeshastaafu, na shahidi aliyebaki ni mstari wako mmoja. Nimewaona watu wa namna hiyo wamesimama dirishani wakisubiri, huku ukurasa unakatika vipande mkononi mwa karani anayewatafutia. Wanaondoka wameinamisha kichwa, na hakuna unachoweza kuwapa.

Karatasi hufa kwa sababu zinazojulikana. Ile inayotengenezwa kwa mbao zilizosagwa tu, kama ya magazeti, hubaki na lignini, ile gundi ya asili ya mti, na lignini ikipata mwanga na hewa hugeuka manjano. Asidi iliyomo nayo hukatakata nyuzi za karatasi taratibu mpaka ukurasa unavunjika ukikunjwa. Kuna kiwango cha kimataifa cha karatasi ya kudumu, ISO 9706 cha mwaka 1994, kinachotaka pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, iwe kati ya 7.5 na 10, na karatasi iwe na akiba ya alkali ya kumeza asidi inayoingia baadaye. Muuzaji si lazima aijue namba hiyo. Mwulize kama karatasi haina asidi, kisha tafuta mahali palipoandikwa hivyo. Kwa vitabu vya kudahili, mihtasari ya bodi na rejista za mali, mimi sishuki chini ya gramu 80 kwa mita ya mraba. Pesa utakayoongeza hapo ipunguze kwenye daftari la getini.

2. Shika mgongo.

Tazama kitabu kwa juu, pale kurasa zinapokutana na mgongo. Ukiona vifungu vidogovidogo vilivyokunjwa na kupangwa, na ukifungua katikati ya kifungu ukaona uzi, hicho kimeshonwa. Ukiona karatasi moja moja zimesimama kwenye gundi, kimegundishwa. Waya wa kuzungusha na pini za katikati mnazijua. Ziacheni kwenye madaftari ya mazoezi, kwa sababu ukurasa wa waya huchomolewa na hakuna atakayejua uliwahi kuwapo. Vivyo hivyo na kurasa zenye vitobo vya kuchania.

Hapa nitakaa kidogo, maana kosa hili nililifanya mimi na mwenye kulilipia akawa mtu mwingine.

Nilikuwa karani ninayeshughulikia manunuzi madogo. Mtunza stoo wetu alikuwa mzee mwenye mwandiko wa kupendeza, mtu asiyeacha mstari wazi wala kufuta kitu. Leja yake ilikuwa imejaa, akaniagiza nyingine, na kwenye fomu aliandika kwa mkono wake: ya kushonwa. Dukani nikakuta ya kushonwa yenye karatasi ya kawaida, na pembeni yake moja ya gundi, karatasi nzito, nyeupe, jalada zuri. Nikachukua ile nzuri. Nilipompelekea aliipindua, akaitazama kwa juu, akasema, "Mwanangu, hii imegundishwa." Nikamjibu, "Mzee, shika karatasi yake, hii ni ngumu hii." Hakubishana nami. Alikuwa na heshima ya kutobishana na vijana mbele ya watu.

Nilichokuwa sijui ni kwamba karatasi nzito ndiyo inayoua gundi haraka zaidi. Karatasi laini hupinda kitabu kinapofunguliwa. Karatasi ngumu haipindi, inauvuta mgongo. Na kama nyuzi za karatasi zinakwenda kukingama na mgongo badala ya kwenda nao sambamba, kila kufungua ni kung'oa. Leja ya stoo hufunguliwa kutwa nzima: mtu anakuja na hati yake ya kuombea vifaa, ukurasa wa kifaa unatafutwa, kinapungua, salio linaandikwa, inafungwa, anakuja mwingine. Kabla ya nusu mwaka kurasa zilikuwa zinatoka. Mzee akawa anazirudisha mahali pake na kuzungushia leja nzima mpira. Hazikuwa na namba. Hilo nalo nilipaswa kulitazama dukani na sikulitazama.

Wakaguzi walipokuja, ukurasa mmoja ulikuwa umepotea. Kifaa kilikuwa na salio lililoletwa mbele, na ukurasa lilikotoka haupo. Kwa mkaguzi jambo hilo lina maana moja, naye hakukosea kuuliza. Ikaandikwa hoja ya ukaguzi. Mzee akapewa barua ya kujieleza. Nilikuwa ndani ya chumba alipoulizwa, mara ya kwanza kwa upole na mara ya pili kwa sauti nyingine, kwa nini ukurasa utoke kwenye leja yake na yeye asijue. Alieleza habari ya gundi. Waliokuwa pale waliichukua kama kisingizio. Hakuna aliyeuliza nani alinunua leja ile, nami sikufungua mdomo. Fomu yenye maneno "ya kushonwa" ilikuwa kwenye faili langu, kabatini kwangu.

Tuliujenga upya ukurasa ule kwa hati za kutolea vifaa, moja baada ya nyingine, na salio likakubali. Fomu niliitoa mwishowe, siku ambayo haikuwa na faida kubwa tena. Hoja ilifungwa, mzee akasafishwa kwa maandishi. Lakini aliomba ahamishwe stoo, na alipokuwa akinikabidhi funguo hakuniita mwanangu. Nilimwomba radhi baadaye na akanipokea. Bado kila nikiona kijana anachagua leja kwa jalada, namwona yule mzee kwenye kiti kile akieleza habari ya gundi kwa watu wasiotaka kuisikia.

Kwa hiyo fungua katikati, kandamiza, achia. Kikilala chenyewe bila kushikwa, endelea kukitazama. Kikijifunga kama mtego, kirudishe.

3. Namba za kurasa.

Kama hazikuchapwa, zitie kwa mkono kabla ya kuandika neno la kwanza, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Ndani ya jalada andika: kitabu hiki kina kurasa 1 hadi 192, kimefunguliwa tarehe fulani, kisha mkuu wako atie sahihi. Jambo hili ni la zamani sana. Luca Pacioli, mtawa wa Italia aliyechapisha Venice mwaka 1494 maelezo ya uwekaji hesabu wa kuingiza mara mbili (kila muamala huandikwa pande mbili, debiti na krediti), aliwataka wafanyabiashara wawe na vitabu vitatu, cha kumbukumbu za papo hapo, jono (kitabu cha kuandika miamala kwa mpangilio wa tarehe) na leja, kila kimoja kiwe na alama yake na kurasa zake ziwe na namba. Zaidi ya miaka 500 baadaye bado naletewa rejista ya mali isiyo na namba hata moja!

Na usichane. Kwenye kitabu kilichoshonwa kila jani limeungana na jani lingine upande wa pili wa kifungu. Ukichana la mbele, la nyuma linabaki halina kishikilio na litadondoka lenyewe baada ya miezi. Ukurasa ukiharibika, piga mstari wa mshazari, andika umebatilishwa, tia sahihi. Neno likikosewa, mstari mmoja juu yake ili lisomeke, neno sahihi pembeni, sahihi fupi. Wino mweupe wa kufutia usiingie kabisa kwenye chumba cha kumbukumbu.

4. Kwaya ngapi?

Hapa ndipo watu hubahatisha, na hesabu yake ni ndogo. Kwaya moja ya kaunta buku ni karatasi 24 zilizokunjwa katikati, yaani majani 48, kurasa 96. Kwaya mbili ni kurasa 192, tatu 288, nne 384. Ukurasa wa A4 una urefu wa milimita 297. Toa nafasi ya juu na chini, gawa kwa mistari ya milimita 8, unapata kama mistari 32.

Sasa chukua rejista ya barua zinazoingia. Ofisi inapokea barua 20 kwa siku, siku za kazi 250 kwa mwaka: maingizo 5,000. Rejista hiyo kwa kawaida hutandazwa kwenye kurasa mbili zinazotazamana, kwa hiyo kila mistari 32 inakula kurasa mbili. Jumla ni kurasa 314. Kwaya tatu haifiki mwisho wa Desemba. Kwaya nne inafika na kubakiza, mradi kila barua ikae kwenye mstari mmoja. Mkiandika mada ndefu zinazoshuka mstari wa pili, nunueni viwili na mkate mwaka katikati kwa mpango, mwisho wa Juni, mkiwa mmetulia. Kitabu kinachoisha katikati ya wiki yenye kazi nyingi ndicho kinachozaa namba za barua zinazojirudia.

Walimu, msininunulie kitabu kikubwa cha madarasa yote kwa kisingizio cha kubana matumizi. Kikilowa, shule nzima imelowa.

5. Mistari ya ndani.

Andika kwa penseli, palepale dukani, kiasi kikubwa kabisa mnachowahi kuandika, pamoja na mikato yake. Kisipoenea kwenye safu, acha. Kwa rejista ya mahudhurio, hesabu visanduku vya siku: mwezi una siku hadi 31 na lazima kuwe na safu za jumla baada yake, la sivyo mwalimu atazibana pembeni na mwisho wa muhula zitakataa kukubaliana. Nimekaa na walimu wa zamu usiku tukitafuta mtoto mmoja aliyezidi, kumbe ni safu ya tarehe 31 iliyoandikwa juu ya jumla.

6. Vitabu vya risiti.

Namba ziwe zimechapwa kiwandani, na hesabu vitabu vyote siku ya kuvipokea, usingoje siku ya kuvitumia. Karatasi zinazojinakili zenyewe ni safi mkononi, lakini maandishi yake hufifia kwa mwanga na joto, na yakigusana muda mrefu na mafaili ya plastiki laini hupotea. Kwa hiyo nakala ya kukaa miaka iwe ya kabonkopi, au tunza ile ya juu iliyoandikwa kwa kalamu yenyewe. Weka kadibodi chini ya seti unayoiandikia. Mwenye kusahau kadibodi ataona kiasi cha risiti hii kimejichapa kwenye tatu zinazofuata.

7. Kalamu.

Bolpeni ya kawaida, bluu au nyeusi. Zile zinazofutika kwa kusugua, jamani, hapana. Wino wake hupotea kwa joto, kwenye nyuzi kama 60, na gari lililofungwa juani linaweza kukaribia huko. Rejista ya mtihani iliyosahauliwa juu ya dashibodi itawarudia nyeupe.

8. Jalada.

Nimelifikia. Liwe gumu, likubali lebo, na lebo iandikwe jina la kitabu, namba yake katika mfululizo, tarehe ya kufunguliwa na nafasi ya tarehe ya kufungwa. Pima pia kina cha kabati kabla ya kununua fulskapu, kwa sababu ina urefu unaozidi A4 na kona zake zitatokeza nje na kupigwa na mlango. Na mkipata kinachofaa, chukueni na cha kukifuata, mstari uleule na safu zilezile, mkifungie stoo. Kiwanda hubadilisha mistari bila kumwambia mtu, na karani atakayekuja baada yenu atahitaji safu ya salio iwe mahali alipoizoea.