Trekta linazunguka ila haliwaki

Mkuu, umeuliza kwa nini trekta lako haliwaki tangu liishiwe dizeli. Kama stata inazungusha injini kwa nguvu, betri iache, haina shida. Massey Ferguson 290 lililoishiwa dizeli shambani, tena kwenye mlima wa Uyole, Mbeya, limemeza hewa kwenye njia ya dizeli.

Kwanza hakikisha waya wa kuzimia injini, ule unaovutwa ili izime, umerudi ndani. Niliwahi kuhangaika asubuhi nzima kwa ajili ya huo waya tu!

Jaza tangi, legeza skrubu ya juu ya filta ya dizeli, kisha pampu kwa mkono kwa kile kimkono kidogo cha pampu ya dizeli ubavuni mwa injini. Litatema povu, usikaze mpaka dizeli itoke safi. Rudia kwenye skrubu ya pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli zinazoipuliza ndani ya injini. Likigoma bado, legeza nati za paipu kwenye nozeli mbili, mwenzako apige stata. Mikono kaa nayo mbali, presha ile inapenya ngozi.