Subaru yangu ililipiwa ushuru mara mbili, mara ya pili nililipa mimi

Haupiti mwezi bila mtu kuniuliza, ama pale Sakina, Arusha, ninapooshea gari ama kwa simu usiku: "Kaka, nimeona chuma Nairobi, bei poa. Nikavute?" Nimechoka kujibu kwa vipande, leo nayaandika yote. Nitazungumzia gari moja tu, la kwangu: Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2009, niliyoivuta Nairobi mwaka 2022 nikaipitisha mpaka wa Namanga. Sasa inalala Njiro, kwenye banda ambalo zamani lilikuwa la ng'ombe wa mama.

Ugonjwa huu niliurithi kwa mjomba. Alikuwa dereva wa lori, safari zake Nairobi kila wiki. Mwaka 1997 Colin McRae aliposhinda Safari Rally na Impreza ya bluu, mjomba alirudi na picha aliyoikata gazetini, akaibandika kwenye mlango wa kabati la vyombo. Nimekula ugali nikiitazama picha ile miaka na miaka. Nasema hivi ujue kwamba siku nilipopanda basi kwenda Nairobi sikuwa na akili ya mnunuzi, nilikuwa na akili ya mtoto wa darasa la tatu.

Nianze na pesa, maana ndipo nilipopigwa na butwaa.

Nilikuwa nimejiaminisha hivi: Kenya na sisi ni Jumuiya moja, gari limeshalipiwa kila kitu lilipoingia Mombasa, basi mimi nitalipia kadi mpya na namba tu. Hakuna kitu kama hicho. Bidhaa inayovuka kwetu bila ushuru wa forodha ni ile iliyozalishwa ndani ya Jumuiya na ikapata cheti cha uasilia. Gari lililoundwa Japani likikaa Nairobi miaka sita linabaki kuwa la Japani. Ushuru aliolipa yule wa kwanza haurudishwi, wala hupunguziwi wa kwako kwa sababu yake. Na yule muuzaji naye si mjinga, ushuru wake ameshauweka ndani ya bei anayokutajia. Kwa hiyo unamlipa yeye ushuru wa Kenya, halafu unakuja kulipa wa Tanzania. Hiyo bei poa unayoiona kwenye picha ni bei ya upande ule wa mpaka.

Hesabu ya mwaka wangu ilikwenda hivi. Tuchukue gari lenye thamani ya shilingi milioni 10, ili iwe rahisi. Ushuru wa forodha asilimia 25, hiyo ni milioni 2.5, sasa tuko 12.5. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya kati ya cc 1000 na 2000 ni asilimia 5 ya hiyo 12.5, yaani 625,000. Uchakavu, yaani ushuru wa gari lililozeeka, asilimia 30 ya hiyo hiyo 12.5, yaani 3,750,000. Jumlisha vyote upate 16,875,000, ndipo VAT ya asilimia 18 inapoingia: 3,037,500. Kodi peke yake imefika 9,912,500, na bado hujagusa tozo ya reli, ada ya forodha, usajili na namba. Gari la milioni 10 limezaa mwenzake. Bajeti husomwa kila Juni na viwango huguswa, kwa hiyo uliza vya mwaka wako, usinukuu vyangu.

Halafu hiyo "thamani" yenyewe hupangi wewe. TRA wana mfumo wao mtandaoni wa kuthamini magari yaliyotumika. Unajaza aina, modeli, mwaka na ukubwa wa injini, unaletewa thamani na makadirio ya kodi. Ni bure, dakika tano, kwa simu. Mimi niliufungua nikiwa nimeshakaa Namanga na mkataba wa mauziano mkononi, mkataba wenye bei nzuri niliyoibembeleza siku mbili. Thamani ya mfumo ikatoka juu ya mkataba wangu, na kodi ikahesabiwa kwa ile ya juu. Dakika tano zile ningezitumia nikiwa kitandani Njiro, leo ningekuwa na kiwanja.

Uchakavu nao una mtego wake kwa magari ya Kenya, sijaona watu wakiuzungumzia sana. Kenya hawaruhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane kuingia. Watu wanasikia hivyo, wanadhani magari ya kule ni mapya. Yameingia yakiwa mapya kiasi, kisha yakazeekea humo humo. La kwangu liliingia 2016 likiwa na miaka saba, likafika Namanga na kumi na tatu. Kwetu wakati ule gari la miaka minane hadi kumi lilipigwa uchakavu wa asilimia 15, likizidi kumi asilimia 30. Uliza limeundwa lini, usiishie kuuliza limesajiliwa lini.

Na cc iangalie kwa jicho lako. STI ya umbo hili yenye gia za mkono, ya soko la Japani, ina injini ya cc 1994, inabaki kwenye asilimia 5. Ila ipo nyingine inaitwa A-Line, ya otomatiki, ukiiona barabarani hutaitofautisha, na hiyo ina cc 2457. Hapo ushuru wa bidhaa ni asilimia 10. Rafiki yangu alikuwa anaitaka A-Line kwa ajili ya foleni za Dar. Nilipomfanyia hesabu alinyamaza, akaagiza chai nyingine.

Sasa gari lenyewe. Nairobi magari yamejipanga Ngong Road kama mitumba soko la Kilombero, na Subaru kule ni kama dini. Hilo ni zuri kwa sababu spea zipo na mafundi wanaozijua wapo, na ni baya kwa sababu nyingi zimechapwa. Muuzaji aliniambia nije saa nne asubuhi. Nikaja saa nne kamili, gari limeoshwa, matairi yanang'aa kwa mafuta. "Boss, hii gari haina maneno," akasema. Nikaweka kiganja kwenye boneti: ya moto. Alikuwa ameiwasha mapema, na mimi kwa furaha zangu nikadhani ni jua.

Injini ya Subaru iliyochoka husema ukweli ikiwa baridi. Ndipo moshi wa bluu hutoka dakika ya kwanza, ndipo beringi iliyokwisha hugonga ndani kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha. Ikishapata moto inanyamaza. Kwa hiyo mwambie unakuja saa nne, uende saa kumi na mbili na nusu. Gusa boneti kwanza, salamu baadaye. Mimi niliokolewa na fundi mmoja wa kule, mzee mpole, niliyemlipa aje na kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Alinifukuza tuondoke, tukarudi kesho yake alfajiri bila taarifa. Silinda tatu zikasoma sawa, ya nne ikawa chini kidogo. Akaniambia, "Hii itakupeleka, lakini usiidanganye na mafuta." Kwa neno hilo nilipunguziwa bei kuliko kwa maneno yangu yote ya siku mbili.

Tena, uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, na usikubali jibu la mdomo. Injini hii hubadilishiwa kila kilomita 100,000, na ukikatika, valvu hukutana na pistoni. Mimi niliubadilisha Arusha wiki ya kwanza bila kumsikiliza mtu.

Makaratasi ndiyo yalinichelewesha kuliko gari. Kadi ya kule wanaiita logbuku, na ya gari langu ilikuwa na majina mawili: la muuzaji na la benki iliyomkopesha. Akaniambia mkopo umeisha, imebaki sahihi tu. Sahihi ile ilichukua wiki tatu. Bahati yangu sikuwa nimetoa pesa yote. Logbuku ikiwa na jina la benki, usilipe hata senti mpaka jina hilo litoke. Kisha gari lifutwe kwenye usajili wa NTSA, mamlaka ya Kenya inayosajili magari, kwa sababu linatoka nchini, na likaguliwe na polisi kama si la wizi. Linganisha namba ya chasisi na iliyogongwa kwenye bati, usitazame karatasi peke yake. Magari ya soko la Japani hayana ile namba ndefu ya tarakimu kumi na saba. La kwangu linaanza na GRB, kistari, kisha namba chache, basi. Usitishike ukiikuta fupi, tishika ikiwa imekwaruzwa.

Namanga nilifika Ijumaa mchana. Kituo ni kimoja siku hizi, ukitoka Kenya unamaliza mambo ya nchi zote mbili upande wetu, kwa hiyo kuvuka wewe mwenyewe ni dakika. Gari ni jambo jingine. Hata sijazima injini, kijana mwenye faili la plastiki ameshafika dirishani.

"Mzee wangu, karibu nyumbani. Hii tuiandike 1500."

Ipo kweli Impreza ya umbo hilo hilo yenye cc 1498, ya kwendea sokoni, haina tabo. Nikamuuliza, na hili tundu la hewa kwenye boneti tutalifanyaje?

"Hilo ni urembo tu, mzee."

Nilicheka, na nakiri sekunde kama kumi nilifikiria. Tofauti ya kodi ilikuwa nono. Lakini fikiria kadi inasema 1498 na injini imeandikwa EJ20, yaani ya lita mbili. Siku ya ajali bima watafungua boneti. Siku ya kuuza, mnunuzi atafungua boneti. Na siku forodha wakiifungua, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inawaruhusu kulitaifisha gari lenyewe. Vishoka hawa hawana leseni, hawana ofisi, na faini ikija jina lililopo ni lako. Tafuta wakala mwenye leseni ya TRA kabla hujaondoka Arusha, mtumie nakala za karatasi, akupe makadirio kwa maandishi. Mimi wakala wangu nilimpata Jumamosi, kazi ikaanza Jumatatu, Jumanne jioni ndipo nikaondoka. Siku nne gesti ya Namanga, nakula nyama choma na kulitazama gari kupitia uzio. Ijumaa usiende.

Njia ya kurudi ni kama kilomita 110, na Mlima Meru uko mbele yako nusu ya safari. Ukitaka kujua gari lako liko chini kiasi gani, matuta ya Longido yatakwambia. Bampa langu la mbele lina alama mbili za siku ile, sijazipaka rangi. Na vibao vya 50 viheshimu, kwa sababu trafiki wenye tochi wanaisikia egzosti ya Subaru kabla hawajaiona, na wanakuwa wameshajiandaa. Nilipigwa moja Oldonyosambu. Nilikuwa 63. Sikubishana.

Kuitunza Arusha kunawezekana, mji huu una wapenda rali na mafundi wanaojua injini iliyolala ubavu. Tatizo ni petroli. Gari hili Japani lilizoea petroli ya oktani 100, pampu zetu hazifiki huko, na tabo ikisukuma hewa nyingi kwa petroli dhaifu injini inagonga. Fundi alinipunguzia presha ya tabo na kurekebisha programu ya injini. Zile farasi 308 za kwenye karatasi sasa ni hadithi, lakini injini iko hai. Oili nabadilisha kila kilomita 4,000, napima kila Jumapili kama mzee anayepima sukari.

Je, uvute? Kama unachotaka ni gari la kasi kwa bei ndogo, agiza moja kwa moja Japani lishukie Dar. Kodi ya Tanzania ni ile ile, na humlipii mtu kodi ya nchi nyingine. Jirani yangu wa zamani aliyehamia Moshi alifanya ujanja ulio halali kabisa: alinunua gari likiwa bado bandarini Mombasa, halijalipiwa Kenya, likaja kwa transiti kupitia Voi na Taveta mpaka Holili, akalipa mara moja tu. Nilipomwambia la kwangu lilivyokuja alinipa pole, kisha akauliza kama alisikia vizuri.

Nairobi unalipia macho na masikio yako. Unaliona gari, unalisikia likiwaka, unashika silinda ya nne. Kwa Vitz hilo halina maana yoyote. Kwa gari la miaka kumi na tatu lenye tabo, lililopita mikono ya vijana watatu, mimi naona lina maana, ingawa mke wangu ameiona hesabu na hakubaliani. Mjomba naye alikuja Desemba. Alizunguka gari mara mbili, akaingia, akakaa kwenye kile kiti cha rali magoti yakiwa karibu na kidevu, akashika usukani kimya. Kisha akaniuliza tairi la akiba linakaa wapi, na kwa nini halina pa kuweka magunia.