MASWALI YA WASOMAJI: Waya wa spoti umeyeyuka, nifunge boksi la fyuzi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni boda hapa Dodoma, kijiwe changu Kisasa, natumia Boxer 150. Usiku huwa napata abiria wa Chamwino, mara nyingine mpaka Bahi, na kule taa ya kampuni haitoshi kabisa, kwa hiyo nimefunga spoti mbili, honi mbili za gari, chaji ya simu, halafu na traka ya bosi, kile kifaa cha kumwonyesha pikipiki ilipo. Waya zote zimeenda kwenye kichwa cha betri mpaka bolti haikazi vizuri. Juzi nikiwa barabarani nikasikia harufu, kusimama naona waya wa spoti umeyeyuka pale karibu na shingo, lakini fyuzi ya pikipiki nzima haijaungua. Kuna fundi kaniambia ninunue boksi la fyuzi nilifunge pembeni. Ni kweli au anataka hela yangu? Na kama ni kweli ninunue lipi?

JIBU: Marahaba. Hela yako anaitaka ndiyo, ila na ushauri wake ni wa kweli.

Tuanze na hiyo fyuzi iliyokushangaza. Fyuzi ya pikipiki inalinda zile waya zilizokuja nazo toka kiwandani, wewe wa spoti umeutoa moja kwa moja kwenye betri, haujapita kwenye fyuzi yoyote, sasa iungue kwa sababu gani? Pale shingoni ukikata kona waya unasugua chuma, ukikata kona tena unasugua, siku moja plastiki inaisha shaba inagusa bodi, na betri yenyewe haijui kusema basi, inamwaga moto wote pale. Shukuru umesikia harufu mapema maana tenki la mafuta lipo hapo hapo juu.

Kwa hiyo shika hili kabla hujaenda dukani: fyuzi kazi yake ni kulinda waya. Taa ikiungua ni taa tu, waya ukiungua pikipiki inaondoka.

Sasa piga hesabu. Wati gawa kwa 12 unapata ampea. Spoti mbili za wati 20 ni wati 40, yaani ampea 3 na kidogo. Ila usiamini namba iliyoandikwa kwenye kasha la spoti za bei rahisi, omba mita upime, nyingi zinakula pungufu ya kinachoandikwa. Chaji ya simu ni ampea 1 au moja na nusu. Honi za gari ndo walafi, moja inaweza kula ampea 4 mpaka 5, mbili zinafika 10, bahati nzuri unabonyeza na kuachia. Traka haifiki hata ampea moja.

Boksi lenyewe chukua la njia sita hata kama leo unatumia tatu, maana najua boda, mwezi ujao utaleta redio. Liwe la fyuzi bapa, achana na zile za kioo, kwa mtikisiko wa barabara zetu zinalegea kwenye vishikio vyake kila mara. Liwe na kifuniko kinachobana, vumbi la hapa mnalijua wenyewe. Na kama unalipata lenye reli ya hasi humo humo lichukue hilo hata likizidi bei kidogo, kwa sababu waya za hasi nazo zitapata pa kurudia badala ya kila moja kutafuta bolti yake kwenye fremu yenye rangi na kutu. Kuna yanayotengenezwa maalum kwa pikipiki, mfano FZ-1 ya Fuzeblocks, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) ipo ndani na kila njia unachagua iwake na swichi au iwe na moto muda wote kwa kuhamisha fyuzi tu. Kitu kizuri sana ila kwa boda wa Boxer mimi nisingeagiza, boksi la kawaida la duka la spea za magari na rilei ya pembeni vinafanya kazi ile ile.

Kufunga. Chomoa hasi ya betri kwanza. Toka kwenye chanya toa waya mmoja tu mnene, milimita za mraba 2.5, na kabla haujafika mbali, shubiri moja tu toka kwenye betri, weka fyuzi kuu ya ampea 15. Wengi wanaiweka kule mwisho karibu na boksi, halafu kipande chote cha kati hakina mlinzi. Toka hapo waya unaingia rilei mguu namba 30, unatoka 87 kwenda kwenye boksi. Mguu 85 peleka hasi. Mguu 86 ndo unaiamsha rilei, huo unautafutia waya ambao unapata moto ukiwasha funguo, kwa mfano unaolisha honi au taa ya breki, unautafuta kwa testa ya taa.

Hapo kwenye 86 kuwa makini sana, usichukue waya wa taa kubwa. Pikipiki ndogo nyingi taa kubwa inalishwa na magineto (kile kizalisha umeme cha injini) moja kwa moja, umeme wa AC, yaani unaogeuka mwelekeo kila mara, ambao haujapita kwenye betri, ukiupeleka kwenye rilei itakuwa inatetemeka ndani kama nyuki kwenye kopo mpaka ife.

Fyuzi za ndani ya boksi: spoti ampea 5, chaji 3, honi 15 na waya wake uwe milimita za mraba 1.5. Hiyo ya honi ni sawa na fyuzi kuu, haina shida, yoyote itakayowahi kukata ni sawa tu. Traka usiipitishe kwenye rilei, ipe njia yake toka kwenye betri na kifyuzi chake cha ampea 2, vinginevyo mwizi akizima funguo bosi haoni kitu.

Waya wa nyumba ule wa shaba nzima usiweke kwenye pikipiki hata ukipewa bure. Unatikisika unakatika ndani, kwa nje unauona mzima, taa inawaka inazima na fundi anabadilisha taa. Tumia wa nyuzi nyingi. Viungo bana na tamino (kile kichwa cha chuma cha waya) au choma kwa risasi, tepu peke yake kwa jua la Oktoba gundi inayeyuka na inaanza kujifungua yenyewe. Shingoni vika waya mpira wa ndani wa baiskeli, acha na ulegevu kidogo, geuza usukani kushoto kulia uone hauvutiki.

Ukimaliza washa kila kitu, injini ipige mzunguko wa wastani, pima betri. Ikisoma volti 13.5 mpaka 14.5 upo salama. Ikishuka chini ya 12.8 ujue magineto imezidiwa na hilo hakuna boksi litakalolitibu, punguza spoti.

SWALI: Fundi, mimi nipo Kondoa, fyuzi yangu inaungua kila siku, nimeweka ile karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara na sasa inadunda fresh. Kuna ubaya?

JIBU: Toa leo. Kisha chukua taa ya breki ya wati 21, iunganishe pale fyuzi ilipokuwa. Zima kila kitu, ikiwaka kwa nguvu una shoti. Anza kutikisa waya moja moja, ukigusa penye ubovu taa itafifia au kuzima, hapo hapo fungua uangalie.

SWALI: Nikifunga hilo boksi, pikipiki ikikaa bila kuwashwa betri haiishi? Nasafiri kwenda Mpwapwa kwa mama, naweza kukaa wiki tatu.

JIBU: Boksi halili kitu, rilei ikishazimwa imezimwa. Anayekula ni traka. Ikila miliampea 20 tu, betri ya ampea-saa 5 inakauka ndani ya siku kumi hivi. Ukiondoka chomoa kile kifyuzi chake, ila bosi mpigie kabla hujachomoa, asije akaona pikipiki imepotea kwenye ramani akakukuta Mpwapwa na polisi.