Uzito wa mkaa haukugeuka joto, mkuu

Mkuu umeuliza hivi: unapima kilo moja ya mkaa, unapika maharage, mwisho unazoa jivu la kujaa kiganja. Je, uzito uliopotea ndio uliogeuka joto? Waliotangulia wamekujibu ndiyo. Mimi nimefundisha tuisheni ya kemia pale Majengo, Moshi, na jibu hilo nimelikata kwa wino mwekundu mpaka nikachoka.

Uzito wako umetokea dirishani. Mkaa sehemu kubwa ni kaboni, na kaboni ikiungua inashikana na oksijeni ya hewani kuwa hewa ya ukaa. Gramu 12 za kaboni hubeba gramu 32 za oksijeni, zinatoka gramu 44. Kwa hiyo kilo nzima ya kaboni inaondoka ikiwa kilo tatu na nusu na zaidi, tena mbele ya macho yako. Jivu ni madini ya mti tu, yale yasiyoungua.

Wanafunzi wangu walikuwa wananiangalia kama tapeli nikisema hivyo. Basi siku moja nikaazima mizani ya dijitali kwa mama mmoja muuza viungo pale Mbuyuni, nikanunua nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, zile laini kama pamba. Nikazichambua zipitishe hewa, nikaweka gramu 20 kwenye sahani ya mizani, nikawasha. Cheche zikaruka, sahani ya plastiki ikayeyuka pembeni, darasa likacheka wiki nzima. Mizani nililipa. Mara ya pili nikatumia kifuniko cha sufuria, na namba ikapanda taratibu hadi 22 na ushee. Chuma kimeungua na kimekuwa kizito! Kinachotoka hapo si hewa, ni kutu nyeusi inayobaki palepale, ndiyo maana mizani inaiona. Mwaka 1774 mwanakemia Mfaransa Lavoisier alipasha bati moto ndani ya chupa iliyozibwa: uzito haukubadilika. Alipoizibua, hewa ikaingia kwa nguvu, ndipo ukaongezeka.

Sasa joto limetoka wapi? Limetoka kwenye mpangilio wa atomi. Kuvunja vifungo vinavyoshikanisha atomi za oksijeni na za kaboni kunagharimu nishati, ndiyo maana mkaa hauwaki mpaka uuchokoze kwa kipande cha nailoni au mafuta ya taa. Vifungo vipya vya hewa ya ukaa vikijengeka vinarudisha nishati kubwa kuliko ile iliyotumika, na hiyo ziada ndiyo inayochemsha maharage. Kwa zile gramu 12 ziada ni kama kilojuli 393, inatosha kuchemsha lita moja ya maji kama jiko lisingekuwa linavujisha. Linavujisha sana, lakini.

Kuna aliyeleta fomula ya Einstein, ile inayosema uzito na nishati vinalingana. Ni ya kweli, ila piga hesabu: kilo ya kaboni inatoa karibu megajuli 33, na uzito unaolingana na joto hilo ni kama theluthi ya sehemu moja ya milioni ya gramu. Muuza mkaa hawezi kukupunja kiasi hicho hata akitaka.

Na huyo anayeshauri kufunga madirisha ili joto lisipotee, tafadhali asisikilizwe. Oksijeni ikipungua, kaboni inaishia njiani kuwa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu, na zile gramu 12 zinakupa kilojuli 110 tu. Nyingine zimebaki ndani ya hewa hiyo. Ule mwali wa buluu unaocheza juu ya makaa ni yenyewe ikimalizikia kuungua. Isipoungua unaivuta wewe. Haina harufu. Julai moja nikiwa nimepanga Arusha, kule Sakina, tuliingiza jiko ndani kwa sababu ya baridi. Niliamka kichwa kinagonga, miguu haitii, nikatambaa hadi mlangoni. Mwenzangu nilimvuta kwa shuka aliyolalia.