Ushauri kwa msanii wa kuja: chonga pamoja na watu, si juu yao tu

Vijana wanaokuja kwangu Mkunazini kujifunza kupiga chapa kwa lino (tandiko la sakafu linalochongwa picha, likapakwa wino na kugandamizwa karatasi) huniuliza sana swali hili: mtu wa kuja anaweza kuchora shida za wenyeji bila kuonekana anajitia? Mimi mwenyewe ni mzaliwa wa Mombasa, Unguja nimehamia. Nawajibu kwamba anaweza, mradi picha ianze kwa watu hao na irudi mikononi mwao. Hayo nimejifunza kwa maisha ya Elizabeth Catlett, msanii mweusi wa Marekani.

Catlett alizaliwa Washington mwaka 1915, mjukuu wa watu waliokuwa watumwa. Alipokuwa Chuo Kikuu cha Iowa, mwalimu wake Grant Wood alimhimiza achore anachokijua zaidi, akawachora watu weusi, hasa wanawake. Mwaka 1946 akahamia Mexico na kujiunga na Taller de Gráfica Popular, karakana iliyoanzishwa mwaka 1937. Wasanii wake walipiga chapa mabango na vikaratasi vya vyama vya wafanyakazi na vya kampeni za kusoma na kuandika, na picha ya kila mmoja ilijadiliwa na wenziwe kabla haijatoka. Lino iliwafaa: kipande kimoja kinatoa nakala nyingi za bei ndogo.

Itafuteni picha yake ya mwaka 1952 ya mama aliyelima shamba la mtu kwa kugawana mavuno. Kofia pana ya majani, uso uliochongwa kwa mistari myembamba iliyosongamana, na koti lililobanwa shingoni kwa pini badala ya kifungo. Hakuna kaulimbiu hata moja. Siasa yote imo kwenye ile pini.

Nilipotaka kuchonga wakulima wa mwani wa Jambiani, niliingia nao baharini wakati wa bamvua, maji yakishapwa, tukafunga miche kwenye kamba na kupigilia vigingi. Nikasikia jinsi mwani wa aina ya cottonii unavyokufa maji yakipata joto, wakabaki na aina ya spinosum ambayo bei yake ni ndogo zaidi. Chapa ya kwanza ilionesha mama ameinamia kamba zake. Nikawapelekea. Bi mkubwa mmoja akaitazama, akaniuliza, “Mwanangu, mizani iko wapi? Sisi tunaumia kwenye mizani.” Nikachonga nyengine: gunia linaning'inia, mama kakaza macho kwenye mshale. Hiyo ndiyo kazi yangu ninayoipenda kuliko zote, na wazo si langu.

Vifaa visikuzuieni. Lino ikikosekana, tumieni mpira wanaokatia soli mafundi viatu wa Darajani. Mashine si lazima, mgongo wa kijiko unatosha kusugulia karatasi. Maandishi yachongwe kinyume, ili yakichapwa yasomeke. Masika wino unachelewa kukauka, basi tundikeni nakala mbalimbali zisigusane.

Gharama nayo ipo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Catlett alikamatwa huko Mexico wakati wa mgomo wa wafanyakazi wa reli, akatishwa kufukuzwa kama mgeni. Mwaka 1962 akachukua uraia wa Mexico, na Marekani ikamfungia mlango kwa siasa zake. Alipoandaliwa maonyesho Studio Museum in Harlem mwaka 1971, ilibidi watu wampiganie ndipo akapewa viza. Kwa hiyo wewe uliyehamia, kibali chako cha ukaazi kiwe hai na ujue kinakuruhusu nini. Tena msichonge sura ya mtu inayotambulika bila ridhaa yake. Nyinyi mnaweza kuondoka, yeye atabaki na mnunuzi yule yule wa mwani wake.

Kabla hamjapeleka kitu kwenye maduka ya Hurumzi, pigeni kwanza nakala za wenye picha, kwenye karatasi rahisi, bila malipo. Wa Jambiani wameibandika ile ya mizani pale wanapopimia mwani, na wameniagiza nyengine za wenzao wa Paje.