Re: Kilimo cha ghorofa kitailisha Dodoma?

Mkuu, umeuliza kama kilimo cha ghorofa (kupanda ndani ya jengo, rafu juu ya rafu, chini ya taa za umeme) kitaweza kulisha mji huu unaojaa watu kila siku. Mboga za majani, sawa. Ugali, sahau: mtama na uwele haulipi bili ya taa. Hata AeroFarms, kampuni ya kilimo hicho ya Marekani, waliolima majani tu, waliomba kinga ya kufilisika mwaka 2023.

Mimi nina viroba sita vya mboga ukutani. Simamisha kopo lisilo na kitako katikati ya kiroba, lijaze kokoto, zungushia udongo na samadi ya mbuzi, kisha livute kopo juu kidogo kidogo, ukirudia hadi kiroba kijae. Maji yatapita kwenye kokoto hadi chini. Toboa ubavuni, panda chainizi. Kiangazi namwagilia maji yaliyooshea mboga (nyumbani wananicheka, ila wanakula). Weka kivuli, jua la saa nane halina huruma.