Mabawa usivae

Wiki iliopita kaniandikia binti mmoja wa Wete, anasoma chuo huku Unguja, anasema anakusanya visa vya Popobawa, yule shetani wa usiku aliyewatia watu khofu huku visiwani, kwa wazee wa kwao na anataka kuvitia kwenye onyesho lake la mwanzo, fundi wa kumshonea mabawa keshampata, alichotaka kwangu ni ushauri wa taa tu. Nikamjibu kwa voisi ndefu mpaka mwisho akanambia kaka kwani si uyaandike haya na wengine wapate. Haya naandika, na najua mko wengi, maana sisi tunaofanya hizi kazi za kugeuza hadithi za wazee kuwa maonyesho sote tuna hamu moja, siku watu wajae Ngome Kongwe, ile ngome ya zamani ya Mji Mkongwe, kuangalia kitu kilichotoka midomoni mwa wazee wetu na wasijue wakiite ngoma au mchezo wa kuigiza au nini.

Mabawa usivae. Hilo ndo la mwanzo na nitalirudia.

Wengi wenu mwaka 1995 mlikuwa hamjazaliwa. Popobawa alianza kusikika Pemba, habari zikavuka kuja Unguja, ilikuwa wakati wa Ramadhani na mwezi wa kumi wa mwaka ule ule ndo uchaguzi wa mwanzo wa vyama vingi tangu Mapinduzi ulikuwa unakuja, kwa hiyo roho za watu zilikuwa juu juu tangu hapo. Watu wakawa hawalali ndani. Mikeka nje, familia nzima, majirani waliokuwa hawasemezani wamelala ubavu kwa ubavu na moto umewashwa. Na kilichonivuta khasa mie mtu wa kukusanya hadithi ni kwamba ilisemwa aliyeingiliwa usiku akanyamaza, asiwaambie wenzake, basi anarudiwa. Yaani hadithi yenyewe inakuamrisha uisimulie! Watu wakatoa mdomoni mambo ambayo kwetu mtu mzima hayasemi mbele ya wanawe. Daktari atakwambia lile ni jinamizi, mtu anaamka mwili hauendi na anahisi kuna kitu kimemkalia kifuani, na mie sibishani na daktari, lakini jinamizi humkamata mtu mmoja kitandani kwake, halitoi mtaa mzima nje na mikeka yao. Kilichowatoa ni maneno.

Na maneno hayo hayo yaliua. Mwaka ule ule, hapa hapa mjini, kundi la watu lilimkamata mtu mwenye maradhi ya akili, wakasema ndiye huyu, wakamuua. Sasa wewe unaponivalia mabawa ukasimama mbele ya watu unawaambia nini? Unawaambia Popobawa ana umbo, yuko pale, mnyoosheeni kidole. Wazee wengi niliowasikiliza hawakunambia habari ya jicho moja wala meno, hayo utayakuta zaidi kwenye magazeti ya nje, wao walinambia kivuli, harufu, uzito, na sauti ya mtu wa nyumba ya pili anapiga ukelele. Hicho ndo cha kuonyesha.

Mie niliingia kazi hii kwa njia ya barzani. Nilikuwa nakaa na wakubwa wanakunywa kahawa na kila jioni lazima atokee mmoja aseme shemegi wa rafiki yake alimpakia mwanamke garini usiku, mzuri, kajitanda, kufika njiani kuangalia chini miguu ni kwato. Kila mtu anamuweka yule mwanamke karibu na kwao, na kila mtu anamjua anayemjua aliyempakia. Baadae ndo nikaja kujua kuna profesa wa Utah kule Marekani, Jan Harold Brunvand, mwaka 1981 alitoa kitabu kizima kuhusu visa vya namna hii na jina la kitabu kalitoa kwenye kisa cha abiria wa njiani anayetoweka garini. Nilifurahi mno siku ile, niliona kumbe zile porojo za barzani ni elimu na mie nimekulia darasani bila kujua. Miaka ya kusoma naiacha, haina utamu.

Utamu ulikuwa Chake, kule Pemba. Kuna bibi mmoja kule, Mungu amuweke, nilikwenda kwake na rekoda yangu nikaiweka mkekani, akaiangalia, akanambia mwanangu mimi sijui kitu. Nikakaa. Alikuwa anasuka ukili, ule ukanda wa majani ya mnazi mwitu wa kushonea mikeka, na wanaojua wanajua mkono wa mtu mzima akisuka haumuhitaji, macho yako kwengine kabisa na ukili unatoka tu, anatemea mate kidogo kidole, anachomeka mwaa mwengine, yaani jani jengine, anaendelea. Tukazungumza bei ya karafuu, tukazungumza mjukuu wake. Alipofika mwenyewe kwenye usiku ule wa 95 mkono ukasimama. Hakulia, hakushusha sauti, ila ukili ulisimama hapo hapo na mwaa umetokeza nusu, na alipomaliza kusema akauchomeka akaendelea. Ruhusa ya kuiwasha rekoda alinipa siku nyengine, na sharti lake lilikuwa jina lake nisilitaje popote.

Kazi yangu yote ya sanaa imetoka kwenye mkono ule. Tulitandika mikeka kwenye kiwanja kimoja cha Kikwajuni baada ya Isha, kandili moja katikati (ndo jibu la taa hilo, kandili moja, basi), hakuna muigizaji, hakuna jukwaa. Watu wakija wanaambiwa vueni viatu mlale. Wanawake watatu wamekaa pembeni wanasuka ukili, unausikia ule mkwaruzo, na sauti za wazee zinatoka kwenye spika ndogo zilizofichwa chini ya mikeka, kwa hiyo unaisikia karibu na sikio lako kama jirani anakunong'oneza. Kila sauti inapofika pale pagumu wasukaji wanasimamisha mikono na sauti inakatika. Kimya. Halafu wanaendelea. Mwisho hatukuwaambia watu mwisho, na wallahi hawakuondoka! Mzee mmoja akaanza kusimulia ya kwake, hakuna aliyemuomba, akafuata mwengine, mama mmoja akaenda kwao akaleta chai ya tangawizi na vijana waliokuwa wanacheza simu wakazizima wenyewe. Nasema kwa fahari zote, sijaona kazi ya sanaa hapa mjini iliyokaa mahala pake kama ile, na walioihudhuria mpaka leo wakinikuta Darajani wananishika mkono.

Lakini si kila mtu anataka hicho. Hoteli moja ya mashamba ya kusini iliniita, wakasema wamesikia habari yangu, wanataka usiku wa Popobawa wageni wanakula chakula cha jioni. Nikawaeleza mikeka, kandili, ukili. Wakanisikiliza vizuri wakaniambia sawa, ila tutie na mtu wa mabawa atoke gizani, wageni wanapenda kushtuka. Nikakataa. Nikawaachia kipande cha sauti wakisikilize wafikirie. Hawakunipigia tena, na baadae kijana anayefanya kazi kule akanambia onyesho lipo, mabawa yapo, na sauti inayotangulia ni ya bibi yangu wa Chake. Hawakumuomba yeye, hawakuniomba mie, yule mama hata bei ya soda hakupata na sauti yake inatumiwa watu washtuke katikati ya pweza na mvinyo. Jambo hili bado linaniuma, sitosema uongo, linaniuma kila ninapopita njia ile.

Kwa hiyo sikilizeni. Sauti ya mtu usiitoe mkononi mwako mpaka pawe na maandishi na mwenye sauti anajua inakwenda wapi. Mlipe. Ukilipwa kidogo mlipe kidogo, lakini mlipe, na umwambie umelipwa ngapi. Akikwambia jina lake usilitaje basi usilitaje hata kwa rafiki yako. Wapelekee wanawe nakala ya sauti, maana wazee wanaondoka. Na jambo la aibu lililompata mtu usiligeuze kichekesho, hao waliosema mwaka 95 walisema kwa khofu wakifikiri wasiposema watarudiwa, wewe unayasema leo kwa hiari yako, huna hiyo dharura. Na mabawa usivae.

Jengine, yule binti wa Wete alinambia anamfuata Marina Abramović, yule msanii aliyekaa kwenye kiti kwenye makumbusho ya sanaa ya MoMA kule New York mwaka 2010 zaidi ya miezi miwili anatazamana na watu bila kusema. Vizuri, mie pia namheshimu. Lakini kabla ya New York nenda Makunduchi mwezi wa saba kwenye Mwaka Kogwa, ile sherehe ya kufungua mwaka, ukaangalie wanaume wanavyopigana kwa magogomba, mashina ya migomba, mpaka yanasambaratika na wanawake wanaimba wanapita, kisha kibanda cha makuti kinachomwa moto. Hakuna anayeuliza kama ile ni sanaa, na kila aliyekuwepo yumo ndani ya mchezo. Ukishaiona ile ndo uende ukazungumze na fundi wako, na sidhani kama utamuagiza mabawa.

Mwakani nataka kufanya ya mumiani, wale wa kunyonya watu damu, khofu iliyoenea pwani yote tangu enzi za Mwingereza. Kama una bibi au babu Mkoani, Chake, Wete au popote Unguja anayekumbuka namna walivyokatazwa watoto kutoka usiku, muulize kwanza yeye kama anataka kuzungumza. Akikubali niandikie, nakuja mwenyewe, na rekoda naiacha mkobani mpaka aitake.